Septemba Ndiyo Iliyowatoa

Wanangu, mnaposema kwamba Cincinnati Bengals walitolewa na Denver Broncos Jumapili ya Januari 5, 2025, msimamo wa ligi ya mpira wa Kimarekani unawaunga mkono, lakini kweli yote hamjaisema. Siku ile Bengals hawakuwa hata uwanjani. Mechi yao ya kumi na saba waliimaliza jana yake usiku kule Pittsburgh, wakashinda 19 kwa 17, kisha wakabaki kama mlivyobaki ninyi, macho kwenye televisheni, wakiwaombea wenzao mabaya. Walitaka mambo mawili yatokee: Miami Dolphins wafungwe na New York Jets, na Broncos wafungwe na Kansas City Chiefs. La kwanza likawa, Dolphins wakalala 32 kwa 20. La pili likakataa. Broncos waliwachapa Chiefs 38 kwa 0 na kuchukua nafasi ya saba, ya mwisho, katika mtoano wa kanda ya AFC.

Nimewasikia tangu siku ile. Mnasema Chiefs waliwauza. Mnasema kocha Andy Reid aliwapumzisha Patrick Mahomes na wenzake kwa makusudi, akamweka Carson Wentz acheze kwotabeki, ili Bengals wasiingie. Nawaambia kwa upendo, acheni maneno hayo, hayawajengi. Chiefs walikuwa wameshafunga hesabu zao siku ya Krismasi, walipowafunga Pittsburgh Steelers 29 kwa 10 na kujihakikishia nafasi ya kwanza ya kanda. Nafasi hiyo ndiyo pekee inayompa mwenyewe wiki ya mapumziko mtoano unapoanza. Kocha ambaye watu wake wamegongana tangu Septemba awapeleke kuumia Denver kwa faida ya nani? Hakuwa na deni na mtu. Wazee wetu walikwisha kulisema hili: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na Chiefs si ndugu wa Bengals hata kidogo. Ni mahasimu waliokwisha kukutana kwenye mtoano zaidi ya mara moja, mmoja akimlaza mwenzake. Hayupo anayemwamsha hasimu wake aje amfungulie mlango.

Kama mnataka kujua Bengals walitolewa lini, turudini nyuma miezi minne.

Jumapili ya Septemba 8, 2024 ilikuwa ufunguzi wa msimu, na Bengals walikuwa nyumbani, kwenye uwanja wao ulio ukingoni mwa Mto Ohio. Wageni wao, New England Patriots, walikuwa timu inayojengwa upya, na Jerod Mayo alikuwa anaongoza mechi yake ya kwanza kabisa akiwa kocha mkuu wa ligi hii. Watu wengi walishaiandika mechi ile kwenye safu ya ushindi kabla haijachezwa. Upande wa Bengals, mpokeaji wao mkubwa, Ja'Marr Chase, alikuwa amekaa pembeni karibu maandalizi yote akisubiri mkataba mpya. Tee Higgins alikuwa na jeraha la msuli wa paja. Joe Burrow, kwotabeki wao, alikuwa ndiyo kwanza anarudi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono. Walianza taratibu, kama watu wenye muda mwingi mbele yao.

Nataka muitazame tena picha moja ya mechi ile. Tanner Hudson amedaka pasi, anakaribia kabisa mstari wa goli, mpira uko mkono mmoja, mwili mzima umeshainama kuingia. Kyle Dugger wa Patriots anamfuata. Hamwangushi kwanza, anaupiga mpira. Unachomoka, Patriots wanaulalia. Zile zilikuwa pointi za wazi, na zilipotea kwenye urefu wa mkono mmoja. Jioni matokeo yakasomeka Patriots 16, Bengals 10.

Patriots wale walimaliza msimu wakiwa wameshinda mara 4 na kufungwa mara 13. Kati ya mara hizo nne, moja waliichukua Cincinnati.

Sasa pigeni hesabu nami, kwa kuwa mnapenda hesabu. Bengals walimaliza na ushindi 9 na vipigo 8. Broncos walimaliza na 10 kwa 7. Bengals walikuwa wamewafunga Broncos walipokutana, na timu zikilingana ushindi, ligi huangalia kwanza nani alimfunga mwenzake. Wangeshinda ile ya Septemba tu, wangekuwa na 10, wangelingana na Broncos, na wao ndio wangepita. Broncos wangeweza kuwafunga Chiefs 38 au 88, isingebadilisha kitu. Wala Andy Reid nisingemsikia akitajwa vibaya kwa vinyozi wa hapa kwetu Columbus.

Msidhani ni mechi moja tu. Katika vipigo vile 8, saba vilikuwa vya pointi 7 au pungufu. Wiki ya pili walikuwa Kansas City, wanaongoza kwa pointi 2, Chiefs wamebakiwa na jaribio la mwisho na yadi 16 za kupata. Hapo mtu huomba tu mpira uanguke. Mlinzi chipukizi wa Bengals akamgusa mpokeaji kabla ya wakati, bendera ya njano ikarushwa, Chiefs wakasogea, na Harrison Butker akapiga mkwaju wa yadi 51 muda ukiisha, 26 kwa 25. Oktoba Baltimore Ravens wakawafunga 41 kwa 38 katika muda wa nyongeza, baada ya mkwaju wa Bengals ambao ungemaliza mechi kwenda kombo. Novemba 7 wakakutana tena na Ravens hao hao. Chase akapata yadi 264 usiku ule, na bado wakafungwa 35 kwa 34, kwa sababu walijaribu pointi mbili za ushindi zikiwa zimebaki sekunde 38 na hawakuzipata. Mara nne msimu ule walifunga pointi 33 au zaidi na wakaondoka wameshindwa.

Hapa ndipo panaponiuma, maana vipaji havikukosekana. Burrow aliongoza ligi nzima kwa yadi za pasi, 4,918, na kwa pasi za tachidauni, 43. Chase aliongoza ligi kwa mipira aliyodaka, 127, kwa yadi, 1,708, na kwa tachidauni za kudaka, 17, vyote vitatu kwa pamoja. Trey Hendrickson aliongoza ligi kwa kuwaangusha makwotabeki, mara 17 na nusu. Timu yenye watu watatu wa namna hiyo ikatazama mtoano kwenye televisheni. Baada ya msimu, Lou Anarumo aliyekuwa anasimamia ulinzi akaachishwa kazi.

Na mwishoni walikuwa moto kweli. Walishinda mechi tano mfululizo. Ile ya Desemba 28 dhidi ya Broncos hao hao ni miongoni mwa mechi nzuri nilizoziona nikiwa kwenye kochi hili: Denver wanasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 8, muda wa nyongeza unaanza, mkwaju wa Bengals wa yadi 33 unagonga mlingoti, watu wanashika vichwa, kisha Burrow anarudi na kumpata Higgins, 30 kwa 24. Mlipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Nilifurahi pamoja nanyi. Lakini hata katikati ya furaha ile nilikuwa najua kwamba timu hii inacheza kwa nguvu zake zote ili tu ipate ruhusa ya kusubiri matokeo ya wengine. Kila ushindi katika zile mechi tano mfululizo ulihesabiwa mmoja, sawasawa na kile kipigo cha Septemba kilivyohesabiwa kimoja.

Nawaeleza haya kwa sababu nawaona. Mko darasa la tisa, la kumi, mnaniambia kwamba mtaanza kusoma mkifika la kumi na mbili. Wastani wa alama ambao chuo kitautazama huanza kuandikwa siku ya kwanza ya darasa la tisa. Ile hisabati uliyoipata D ukiwa na miaka 14 inakaa kwenye karatasi moja na ile A utakayoipata ukiwa na miaka 17, na mtu anayegawa ufadhili anazijumlisha zote. Nimewaona vijana wa Kitanzania, wa Kikongo na wa Kirundi katika mji huu, wenye akili inayong'aa, wakiwaka mwaka wa mwisho kama Bengals wa Desemba, halafu wanakaa wakisubiri barua, wakiomba mwenzao fulani akatae nafasi ili wao waipate. Mtoto mwenye kichwa kama hicho hastahili kukaa kwenye orodha ya kusubiri. Inaniuma zaidi kuliko matokeo yoyote ya mpira.

Najua mmoja wenu atanijibu, maana siku hizi mnasoma historia ya mpira kuliko mimi: mzee, mbona Buffalo walisaidiwa? Ni kweli. Desemba 31, 2017, Buffalo Bills walikuwa na miaka 17 hawajaonja mtoano. Walishinda mechi yao ya mwisho, wakabaki wanaangalia Bengals wakicheza Baltimore. Bengals msimu wao ulishakwisha, hawakuwa na cha kupata. Zikiwa zimebaki sekunde 44, jaribio la mwisho, yadi 12 za kupata, Andy Dalton akamrushia Tyler Boyd, Boyd akakatiza katikati na kukimbia hadi mwisho, yadi 49. Bengals 31, Ravens 27, na Bills wakaingia. Watu wa Buffalo walitoa michango kwa taasisi ya hisani ya Dalton, wengi dola 17 kila mtu, kuihesabu ile miaka. Shukrani ya namna ile ni tabia ya kuigwa, na ninaisifu.

Lakini tazameni vizuri. Bills walikuwa wameshinda mechi zao 9, pamoja na ile ya mwisho. Dalton alifungua mlango, wao walikuwa wameshafika kizingitini kwa miguu yao. Hata hapa kwetu Columbus wapo watu wazima ambao mpaka leo wanashika kichwa wakisikia jina la Tshimanga Biakabutuka, kijana mzaliwa wa Kinshasa, aliyekulia Montreal. Novemba 25, 1995, akichezea Chuo Kikuu cha Michigan, aliwakimbilia Ohio State yadi 313. Ohio State walikuwa hawajafungwa mwaka mzima, wakafungwa 31 kwa 23. Aliyefaidika hakuwa Michigan. Walikuwa Northwestern, ambao walikuwa wameshinda mechi zao zote 8 za kundi lao, na kwa kipigo kile wakaenda kucheza Rose Bowl. Bahati huja, wanangu, sijasema haiji. Ila ilimkuta Northwestern ana mechi 8 mkononi. (Na ninyi wenye asili ya Kongo, mkitaniwa shuleni, litajeni jina hilo mbele ya babu yeyote wa Ohio mwone atakavyowaangalia kwa heshima.)

Kuna jambo jingine la msimu ule wa 2024 ambalo nataka kila mmoja wenu alitazame kwa utulivu, asilipite kwa kucheka. Ni la Oktoba 27, Washington wakiwa nyumbani dhidi ya Chicago Bears. Bears wametangulia 15 kwa 12 zikiwa zimebaki sekunde 25. Washington wamefika karibu na katikati ya uwanja na muda unawatosha mchezo mmoja tu. Kwotabeki wao chipukizi, Jayden Daniels, ambaye wiki nzima haikujulikana kama mbavu zake zitamruhusu kucheza, anapokea mpira. Wakati mpira unaanzishwa, mlinzi mmoja wa Bears, Tyrique Stevenson, ameupa mchezo kisogo. Anawageukia mashabiki wa Washington jukwaani, anawaonyesha ishara, anawaambia kwa mikono kwamba yamekwisha. Daniels anakimbia huku na huko kwa zaidi ya sekunde 12, halafu anaurusha juu kabisa. Stevenson anashtuka, anakimbia kuelekea kundi la watu karibu na goli, anaruka, anaugusa mpira. Mguso ule unaupeleka nyuma, na nyuma yupo Noah Brown wa Washington, peke yake, ameingia. 18 kwa 15.

Kijana yule aliomba radhi, na simtaji kwa ajili ya kumcheka. Namtaja kwa sababu ule mgongo nauona nyumbani. Nauona kwa kijana aliyepata kazi leo na kesho yake ameshawatukana wenzake wa zamani. Nauona kwa anayemwonyesha mwenzake ishara za ushindi wakati filimbi haijapigwa. Bears walikuwa wameshinda mechi 4 na kufungwa 2 kabla ya siku ile. Kuanzia pale walifungwa mechi kumi mfululizo, kocha akafukuzwa kabla ya Desemba, wakamaliza 5 kwa 12. Kocha na mchezo mmoja si kitu kimoja, na sisemi kwamba mgongo wa mtu mmoja uliangusha timu nzima. Lakini timu iliyokuwa inaamini jambo fulani mchana ule, jioni ilikuwa haiamini tena, na kuamini huko hakukurudi.

Washington wao waliondoka na ule ushindi wakamaliza 12 kwa 5, na Januari 18 wakaenda Detroit na kuwatoa Lions 45 kwa 31. Hapa lazima niwe mkweli kwenu, maana mzee anayewadanganya vijana kwamba kila ajitahidiye hupata anawatengenezea uchungu. Lions walikuwa wamefanya kila kitu. Walishinda mechi 15. Mechi ya mwisho ya msimu waliwafunga Minnesota Vikings 31 kwa 9 katika mechi iliyoamua nani awe wa kwanza na nani ashuke hadi wa tano, na ndivyo Vikings wenye ushindi 14 walivyojikuta wanaanza mtoano ugenini. Lions hawakumtegemea mtu. Wakapumzika wiki, wakarudi, wakapoteza mpira mara tano mbele ya chipukizi, basi. Tegemeo lao la ulinzi, Aidan Hutchinson, alikuwa amevunjika mguu tangu Oktoba. Hayo yapo. Mtu aliyefanya sehemu yake akashindwa ana huzuni, lakini huzuni hiyo haina sumu. Analala. Asiyelala ni yule anayeikumbuka Septemba.

Sasa niwaambie jinsi ya kumtendea aliyekosea, kwa sababu ndimi zenu zimekuwa kali.

Joseph Ossai alizaliwa Lagos, akaletwa Texas akiwa na miaka 10, mtoto wa Kiafrika kama ninyi. Januari 29, 2023, akiichezea Bengals, walikuwa Kansas City wakitafuta kwenda Super Bowl kwa mara ya pili mfululizo. Matokeo 20 kwa 20, sekunde 8 zimebaki. Mahomes, mwenye kifundo cha mguu kibovu, anakimbilia pembeni. Ossai amemfuata kwa nguvu zake zote, kama alivyofanya usiku mzima, na anamsukuma Mahomes akiwa ameshatoka nje ya mstari. Bendera. Yadi 15. Butker anapiga mkwaju wa yadi 45, Chiefs 23, Bengals 20. Kamera zikamkuta Ossai kwenye benchi analia.

Nchi nzima ilimwangukia. Mimi nawauliza: nani anakumbuka kwamba muda mfupi kabla ya hapo Skyy Moore wa Chiefs alirudisha mpira yadi 29 na kuwasogeza karibu? Nani anakumbuka pasi mbili za Burrow zilizonaswa, na mara 5 alizoangushwa kwa sababu ukuta wake wa mbele ulikuwa na majeruhi? Mechi ile ilipotea vipande vipande kwa saa tatu, Ossai akawa na kipande cha mwisho. Ni jambo lile lile la Septemba na Januari. Macho ya watu hukimbilia mwisho, na mwisho humbebesha mmoja mzigo wa wengi. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, waandishi walipomzunguka kijana yule, B.J. Hill, mwenzake mkubwa kwa umri, alikwenda kusimama ubavuni pake, akabaki hapo wakati wa maswali, akiwazuia wasimkandamize. Hakutumwa na mtu. Mnajua majina ya waliofunga. Lijueni na hilo. Siku kaka yako akiharibu, kazini au kwenye kadamnasi ya ndoa ya watu, nafasi yako ni pale Hill alipokuwa, na maonyo yake utampa baadaye mkiwa wawili. Ossai hakuondoka mjini wakati ule. Aliendelea kuvaa jezi ile ile na kucheza.

Nikitaja ndimi kali nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu, nalo ni mikeka ya kamari. Ninajua mnaweka. Mei 14, 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria iliyokuwa inayazuia majimbo kuruhusu kamari ya michezo, na Ohio ikafungua milango Januari 1, 2023. Siku iliyofuata, Januari 2, Bills walikuwa Cincinnati, na Damar Hamlin, kijana wa miaka 24, alimkaba Higgins, akasimama, akaanguka chali. Moyo wake ulisimama. Wahudumu wa afya wa timu waliufufua pale pale kwenye nyasi, wenzake wamepiga magoti kumzunguka wakilia. Mechi ilikatishwa na haikurudiwa, ingawa mbio za nafasi ya kwanza ya kanda zilikuwa zinaitegemea. Hamlin alipona, akarudi kucheza. Lakini nilikuwa na vijana sebuleni usiku ule, na mmoja, sitasema nani, kitu cha kwanza alichouliza ni mkeka wake utahesabiwaje. Nilinyamaza. Leo nasema.

Mkeka unakufanyia hivyo. Unamchukua mtu mwenye mama na moyo unaodunda, unamgeuza kuwa namba kwenye simu yako. Januari 19, 2025, Mark Andrews wa Ravens alidondosha pasi ya pointi mbili kule Buffalo, mechi ikaisha 27 kwa 25, na watu wakamtumia matusi ambayo sitayaandika. Mashabiki wa Bills, walioshinda, wakafanya kinyume: Andrews anaishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu utoto, wakachangia zaidi ya dola 100,000 kwa shirika linalopambana na ugonjwa huo, kwa jina lake. Wale hawakuwa na muda wa kuchana mikeka.

Na msijidanganye kwamba anayejua mpira hushinda. Calvin Ridley alikuwa mpokeaji wa ligi yenyewe, anaujua kutoka ndani. Novemba 2021, akiwa nje ya timu, aliweka dola 1,500. Ligi ilimfungia msimu mzima wa 2022, akapoteza mshahara wa zaidi ya dola milioni 11. Ninyi mnaujua mpira kwa kioo cha simu. Tena angalieni kile mnachokinunua: unakaa kitako, unaomba mtu usiyemjua, aliye maili elfu, adake au adondoshe, ili kodi ya nyumba yako ilipwe. Bengals angalau walikuwa na mechi 17 za kujitetea kabla ya kufikishwa kwenye kumwombea Wentz ashinde. Wewe umeanzia hapo hapo.

Aliye nje asiingie. Aliyekwisha kuingia, anayeficha deni, anayelala na simu chini ya mto, asione haya kuja kwangu. Hapa Ohio upo utaratibu wa mtu kujiandikisha kwa hiari yake azuiwe kucheza kamari ya jimbo, na nitakaa naye tuijaze fomu pamoja. Deni tutalikalia kikao, tujue anadaiwa na nani na kiasi gani, tuone linalipwaje kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake mwenyewe. Mama yake hatasikia kwangu. Atamwambia yeye, na akitaka niwepo siku hiyo, nitakuwepo.